Hirizi za Marehemu na Mikono ya Walinzi

Katika nyumba nyingi kuna kisanduku kimoja kidogo ambamo mama wa nyumba huhifadhi vitu vyake vya thamani: pete ya ndoa, mkufu aliorithi kwa mamaye, na pengine nishani ambayo mumewe aliipata kazini. Watu wa Misri ya kale nao walikuwa na visanduku vya namna hiyo. Tofauti ni kwamba mwenyewe alipofariki, aghalabu mali hiyo ilizikwa pamoja naye, kwa kuwa waliamini ya kwamba safari ya mwanadamu haikomi kaburini, na kwamba kila msafiri hana budi kuwa na masurufu yake.

Kutokana na imani hiyo, ardhi ya Misri ilijaa dhahabu iliyofukiwa. Na palipo na dhahabu iliyofukiwa, hapana budi pawepo walinzi, na kwa bahati mbaya hapakosi wezi. Habari za vitu hivyo vya makaburini kwa hiyo si habari za wafalme peke yao. Ni habari za mume na mke, za askari na nishani yake, na za mlinzi aliyejaribiwa usiku akiwa peke yake.

MSIMAMIZI KHA NA MKEWE MERIT

Mwaka 1906, mtaalamu wa Kiitalia, Ernesto Schiaparelli, aligundua kaburi moja katika mahali paitwapo Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala wa mji wa Luxor. Kaburi hilo lilikuwa halijaguswa na wezi kwa zaidi ya miaka 3,000. Waliozikwa humo hawakuwa mfalme na malkia. Alikuwa Kha, msimamizi wa mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme, pamoja na mkewe Merit. Watu hao waliishi miaka ipatayo 1400 kabla ya Kristo. Vitu zaidi ya 400 vilitolewa humo, na sehemu kubwa yake imewekwa katika jumba la makumbusho la mji wa Turin, Italia.

Mtu akivitazama vitu hivyo huona nyumba nzima. Vimo vitanda na viti, mikate, nyama, vitunguu saumu, chumvi, mafuta na mitungi ya mvinyo. Zimo nguo za Kha na vyombo vyake vya kazi. Limo sanduku la urembo la Merit lenye vichupa vya marhamu na wanja, pamoja na nywele zake ndefu za bandia zilizosukwa kwa ustadi.

Jambo moja linawagusa wengi. Yaelekea Merit alifariki kwanza, kabla jeneza lake halijawa tayari. Maiti yake ilikutwa katika jeneza lenye jina la mumewe, kwa maana Kha alikuwa amekwisha kujitengenezea lake. Kwa kuwa jeneza hilo lilikuwa kubwa mno kwa mwili wa Merit, nafasi zilizobaki kandokando zilijazwa vitambaa vya kitani vyenye alama ya Kha. Mume alimpa mkewe kitanda chake cha mwisho, akamfunika kwa shuka za nyumbani kwake.

Maiti hizo mbili hazijafunguliwa hata leo. Lakini tangu miaka ya 1960 wataalamu wamezipiga picha za eksirei, na baadaye picha za mashine za kisasa zaidi, wakaona yaliyomo ndani ya sanda. Kha amevaa herini kubwa, mkufu mzito wa dhahabu shingoni, na hirizi kadhaa, ikiwamo moja ya umbo la kichwa cha nyoka. Merit amevaa kidani kipana, herini, pete za dhahabu, na mkanda kiunoni wenye shanga za dhahabu zilizofanywa kwa umbo la kauri.

Kauri hizo zafaa kuangaliwa kwa makini. Wanawake wa Misri waliamini ya kwamba kauri humlinda mwanamke na kumjalia uzazi, na kwa hiyo huvaliwa kiunoni. Wafua dhahabu waliiga umbo lile lile kwa dhahabu. Msomaji wa Uganda hatashangaa, kwa kuwa kauri, ziitwazo ensimbi kwa Kiganda, zilikuwa fedha ya nchi hiyo kabla ya sarafu za wageni, na neno hilo hata sasa lina maana ya fedha.

KAZI YA KILA HIRIZI

Maiti ya mtu mwenye uwezo ilitayarishwa kwa muda wa siku 70. Kwanza matumbo yalitolewa, kisha mwili ukafunikwa kwa magadi ili ukauke. Magadi ni yale yale wayajuayo wapishi wa Afrika ya Mashariki, ambayo ziwa moja la Kenya limeitwa kwa jina lake. Ini, mapafu, tumbo na utumbo vilikaushwa peke yake na kuwekwa katika mitungi minne, kila mmoja ukiwa chini ya ulinzi wa mmoja wa wana wanne wa mungu Horus. Lakini moyo uliachwa mahali pake, kwa sababu Wamisri waliamini kuwa moyo ndio makao ya akili na kumbukumbu.

Mafundi walipokuwa wakiufunga mwili kwa vitambaa, waliingiza hirizi kati ya tabaka moja na jingine, kila hirizi mahali pake na kwa kazi yake. Jicho la Horus lilikuwa la kumpa marehemu uzima na ukamilifu wa mwili. Nguzo iitwayo djed, iliyofananishwa na uti wa mgongo wa Osiris, ilikuwa ya kumpa nguvu za kusimama tena. Fundo la Isis, ambalo lilipendelewa kufanywa kwa jiwe jekundu mfano wa damu, lilikuwa la kumkinga kama mama amkingavyo mtoto.

Iliyokuwa na uzito kuliko zote ni hirizi ya moyo. Hii ilichongwa kwa umbo la mbawakawa yule abingirishaye mavi ya ng'ombe. Wamisri walimtazama mdudu huyo akisukuma tonge lake, kisha watoto wake wakitoka ndani ya ardhi, wakamfanya kuwa mfano wa jua lichomozalo na wa uhai urudio. Chini ya hirizi hiyo yalichorwa maneno ya kuuomba moyo usimshuhudie mwenyewe vibaya siku ya hukumu.

Katika hukumu hiyo, kama walivyoamini, moyo wa marehemu uliwekwa katika mizani, na upande wa pili ukawekwa unyoya wa Maat, aliye haki na kweli. Anubis aliisimamia mizani, naye Thoth aliandika matokeo. Kando alisubiri mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na miguu ya nyuma ya kiboko. Moyo uliolemewa na uovu ulitupwa kwake akaula, na mwenyewe akapotea milele. Basi mtu aliweza kuzikwa na dhahabu tele, walakini kilichopimwa kilikuwa moyo wake.

Isidhaniwe ya kwamba hirizi zilikuwa za matajiri tu. Watu wa kawaida walitumia fayansi, ambayo hufanywa kwa mchanga mweupe uliosagwa, ukachanganywa na chokaa kidogo na magadi au majivu, kisha ukatiwa shaba ili upate rangi ya buluu au kijani. Mchanganyiko huo ulikandamizwa katika kalibu ndogo ya udongo, ukachomwa, ukatoka ukimetameta kama feruzi. Kwa njia hiyo fundi mmoja aliweza kutoa hirizi nyingi kwa bei nafuu, wala maskini hakulazimika kumwacha mtoto wake bila kinga.

Tena si zote zilikuwa za wafu. Mama mjamzito alivaa sanamu ya Taweret, mfano wa kiboko jike mwenye tumbo kubwa, ili ajifungue salama. Bes, kibeti mwenye ndevu na sura ya kutisha, alichongwa katika vitanda na vyombo vya nyumbani ili awafukuze pepo wabaya wasimguse mtoto alalapo. Sayansi ya leo hulinda uzazi kwa kliniki na chanjo, wala si kwa kiboko wa fayansi. Lakini hofu iliyomfanya mama wa Misri amfunge mwanawe hirizi, kila mzazi anaifahamu.

NISHANI YA INZI

Mkufu mzito wa Kha ulikuwa na maana ya pekee. Mikufu ya namna hiyo ilitolewa na mfalme mwenyewe kwa mtumishi aliyemridhisha, nayo iliitwa dhahabu ya heshima. Askari nao walipewa dhahabu ya ushujaa. Mmoja wao, Ahmose mwana wa Ebana, alihudumu katika merikebu za vita miaka ipatayo 1550 kabla ya Kristo, wakati wafalme wa Thebes walipowafukuza Hyksos, watawala wa kigeni waliokuwa wameikalia sehemu ya kaskazini ya nchi. Habari za vita vyake zimechongwa katika kuta za kaburi lake huko El Kab, na humo imeandikwa ya kwamba alitunukiwa dhahabu mara 7.

Nishani iliyo ya ajabu zaidi ilikuwa ya umbo la inzi. Wanajeshi wa leo waweza kucheka, lakini yeyote aliyewahi kulala porini anajua ya kwamba inzi hafukuziki. Umpige mkono, arudi. Umfukuze mara kumi, arudi mara kumi na moja. Inaelekea Wamisri waliona kuwa hiyo ndiyo sifa ya askari shujaa. Mwaka 1859, katika kaburi la Malkia Ahhotep huko Thebes, ulipatikana mkufu wenye inzi watatu wakubwa wa dhahabu, pamoja na shoka na majambia. Ahhotep aliishi katika zama zile zile za vita dhidi ya Hyksos, na wataalamu wengi hufikiri ya kuwa alikuwa na sehemu kubwa katika kuiimarisha nchi wakati huo.

WALINZI WAPEMBENI MWA JANGWA

Makaburi hayo yote yalihitaji ulinzi. Kazi hiyo walipewa Medjay. Hapo mwanzo Medjay walikuwa watu wa jangwa la Nubia, kusini ya Misri, hodari wa kufuata nyayo na kutumia upinde. Baada ya karne kadhaa jina lao likawa jina la polisi wenyewe, hata kama mtu hakuzaliwa Nubia. Wao ndio waliolinda njia za jangwani na mabonde ya makaburi.

Polisi hao waliishi karibu na kijiji cha mafundi, wakayajua maisha ya watu wake. Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, yaani miaka ipatayo 1157 kabla ya Kristo, posho ya nafaka ya mafundi ilichelewa hata njaa ikaingia majumbani. Mafundi waliweka vyombo vyao chini, wakaenda kuketi karibu na mahekalu. Habari hizo ziliandikwa na karani Amennakht. Mkuu wa Medjay aliyeitwa Mentmose hakuwapiga wala kuwatawanya. Aliwashauri wakusanye vyombo vyao, wafunge milango, wawachukue wake na watoto wao, naye mwenyewe atawaongoza hadi hekalu la Mfalme Seti wakakae huko. Hatimaye nafaka ilitolewa.

Lakini hali ya nchi ilizidi kuwa mbaya. Yapata miaka 1110 kabla ya Kristo, katika mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa, Paser, liwali wa Thebes ya mashariki, alitoa mashtaka ya kwamba makaburi ya wafalme yameibwa. Mwenye dhamana ya upande wa makaburi alikuwa liwali wa magharibi, Paweraa. Tume ikaundwa ikakagua makaburi 10 ya wafalme, ikaona moja tu limevunjwa, lile la Mfalme Sobekemsaf. Makaburi ya watu wasio wafalme, hata hivyo, yalikutwa yamevunjwa na kunyang'anywa, na maiti zimetupwa nje juu ya ardhi. Hao walikuwa baba na mama za watu, waliozikwa kwa machozi na kwa akiba ndogo ya nyumba zao.

Mwizi mmoja, mchonga mawe aitwaye Amenpanufer, alikiri mbele ya wakubwa, na maungamo yake yapo hata leo katika karatasi za mafunjo. Yeye na wenzake walitoboa mwamba kwa tindo za shaba, wakamfikia mfalme na malkia wake. Walizivua hirizi na mapambo ya dhahabu shingoni, wakabandua dhahabu ya majeneza, kisha wakayatia moto. Waliigawa dhahabu mafungu 8, kila mtu akapata deben 20. Jumla yake ni deben 160, yaani kilo 14 na nusu hivi.

Yaliyofuata ndiyo yenye uchungu zaidi. Amenpanufer alikamatwa na kufungwa. Akatoa fungu lake lote la deben 20, akampa karani wa mtaa, Khaemope, naye akaachiliwa. Akarudi kwa wenzake, wakamfidia kwa kumgawia sehemu nyingine, na kazi ya wizi ikaendelea. Ukuta wa kaburi ulikuwa imara. Kilichokuwa laini ni kiganja cha karani. Laiti mtu huyo mmoja angelikataa, moto mwingine usingeliwashwa.

Maungamo hayo yana kisa chake. Nusu ya chini ya karatasi ilinunuliwa na tajiri mmoja wa Uingereza katika karne ya 19. Nusu ya juu ilipatikana mwaka 1935 katika jumba la makumbusho la Brussels, ikiwa imefichwa ndani ya kisanamu cha mti. Vipande viwili vilipounganishwa, ushahidi ukakamilika baada ya miaka zaidi ya 3,000.

MUHURI ULIOFUNGWA TENA

Upo mfano wa pili ulio kinyume cha huo. Howard Carter alipoligundua kaburi la Mfalme Tutankhamun mwezi wa Novemba 1922, aliona ya kuwa wezi walikuwa wameingia angalau mara mbili, muda mfupi baada ya maziko. Walikwenda na mapambo mengi. Ndani ya sanduku moja kilikutwa kitambaa kilichofungwa fundo lenye pete za dhahabu, dalili ya mtu aliyekuwa akikimbia au aliyenaswa.

Safari hii walinzi hawakununuliwa. Waliingia, wakarudisha vitu masandukuni kwa haraka, wakaujaza ujia wa kuingilia kwa vifusi vya mawe, wakaufunga mlango na kuupiga muhuri upya. Baadaye vibanda vya mafundi wa kaburi jingine vilijengwa juu yake, na mahali hapo pakasahauliwa. Kwa ajili hiyo ulimwengu uliweza kuona vitu zaidi ya 5,000 vilivyokuwamo. Jeneza la ndani kabisa ni la dhahabu tupu, uzito wake kilo 110. Katika sanda za kijana huyo mfalme zilipatikana hirizi na mapambo 143. Humo pia mlikuwa na vijeneza viwili vidogo vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, ambao uchunguzi umeonyesha kuwa yaelekea ni binti zake. Kama walinzi wangalilala usiku ule, hata watoto hao wangalitupwa mchangani.

Majina ya walinzi hao hayakuchongwa mahali popote. Hawakupata inzi wa dhahabu.

VITA HAVIJAKWISHA

Wizi huo haukukoma pamoja na Mafirauni. Misri ilitunga sheria mwaka 1983, namba 117, kupiga marufuku biashara ya vitu vyake vya kale. Hata hivyo mwaka 2011, wakati wa machafuko ya nchi hiyo, jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani Nedjemankh liliibwa na kuvushwa mipaka. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lililinunua kwa dola zipatazo milioni 4, likiwa limeletewa hati ya kughushi. Wapelelezi walifuata nyayo zake nchi kwa nchi, na mwaka 2019 jeneza likarudishwa Misri. Kazi ya Medjay ingali ikiendelea, ila siku hizi hufanywa bandarini, katika viwanja vya ndege na kwenye vituo vya forodha, na penye kila kituo kuna karani ashikaye kalamu.

Katika mambo hayo familia ina mafunzo mawili. La kwanza lahusu maziko. Wapo watu wanaokopa na kuuza mashamba ili maziko yaonekane makubwa, halafu mjane na mayatima wakabaki mikono mitupu. Dhahabu ya Sobekemsaf haikumlinda na moto; bali ilimwita mwizi. Alichofanya Kha kwa Merit hakikuhitaji fahari. Alitoa kilichokuwa chake, kwa wakati uliohitajiwa, na upendo huo unasomeka hata leo katika alama za vitambaa.

La pili lahusu mtu wa zamu. Mke wa askari na watoto wake hula mshahara wake, na pamoja na mshahara hula jina lake. Fedha ya Khaemope iliingia nyumbani mwake pia. Pengine ilinunua nguo na chakula, na jirani wakamsifu kwa kufanikiwa. Iliyobaki ni karatasi moja inayomtaja kwa jina katika maungamo ya mwizi. Mlinzi wa Tutankhamun alirudi nyumbani alfajiri ile na posho yake ya kawaida, mikono ikiwa na vumbi la chokaa, akala na jamaa yake, akalala.